Kitovu Kisichodondoka

Mama alinipigia simu kabla sijamaliza chai, na mama hapigi simu asubuhi ila kuna msiba au kuna maneno.

"Njoo umtazame mtoto," alisema.

"Ana nini?"

"Hana kitu. Ndiyo maana nakuita." Akakata.

Nilivuka Mandewa kwa miguu, mwendo wa mtu anayefukuzwa. Nilikuwa bado hatua chache nifike kwake king'ora cha jua kilipolia, na kama kawaida mtaa mzima ukasimama. Muuza maziwa akaegesha baiskeli. Wanafunzi wakajipanga ukutani. Kila mtu akachomoa kopo lake la Kivuli, akajipaka uso, masikio, shingo, mikono, akamalizia viganja kwa kuvisugua pamoja. Watu wa mji huu wanaweza kusahau sala ya asubuhi, Kivuli hawakisahau, na wakikisahau jua lenyewe linawakumbusha kwa malengelenge. Na mimi nikajipaka palepale mlangoni kwa mama, nikafuta vidole kwenye sketi, nikaingia.

Mdogo wangu Winfrida alikuwa chumba cha ndani, wiki ya nne tangu ajifungue. Kwetu mzazi haguswi na kazi. Anakula, ananyonyesha, analala, na haoni jua mpaka arobaini iishe. Mengine yote ni ya bibi wa mtoto na shangazi zake: kuogesha, kukanda, kunyoosha viungo, kubembeleza. Mama alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, mtoto kamlaza juu ya mapaja, na bakuli la mafuta ya alizeti yenye uvuguvugu liko pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Funga mlango, upepo huo."

Akafunua kitenge. Nikaona kitovu.

Kitovu cha mtoto wa wiki nne hakitakiwi kuonekana. Kinatakiwa kiwe kimeshakauka, kimekuwa cheusi, kimedondoka, na bibi ameshakifukia mahali anapopajua mwenyewe. Hiki kilikuwa kimekauka juu kidogo tu, chini bado kibichi, kimeng'ang'ania tumbo kana kwamba mtoto amezaliwa juzi. Hakikuwa na usaha wala wekundu.

"Kliniki wanasemaje?"

"Wananisifu." Alilitamka neno hilo kwa kinyongo. "Eti nimemtunza msafi sana. Mimi nimelea watoto wangu na wa watu, Perpetua. Kitovu kinanuka kidogo, kinasinyaa, kinaondoka zake. Hiki hakinuki. Na huyu mwenyewe hanuki. Mnuse."

Nikainama nikaweka pua utosini. Kila mtu anaijua harufu ya kichanga, ile ya maziwa yaliyochacha kidogo na jasho changa, inayokufanya urudie kunusa. Haikuwepo. Palikuwa na harufu ya alizeti, na chini ya alizeti hapakuwa na chochote.

"Hata jina hana," Winfrida alisema kutoka kitandani. "Mama anakataa."

"Nimpe jina hajaachana na kule alikotoka?" Mama akachovya mikono kwenye bakuli, akaanza kumkanda mtoto miguu, taratibu, kutoka pajani hadi kwenye kidole. Mtoto alifumba macho kwa raha. "Kikidondoka nitampa. Si kabla."

Ikabidi niulize. "Mnampaka Kivuli?"

Mama alinitazama hadi nikaona haya. "Unaniona nimerukwa na akili? Kopo limeandikwa si kwa mtoto chini ya mwaka. Kusoma najua."

"Kopo halivuki hata kizingiti, dada," Winfrida akaongeza. "Mama anayaacha yote barazani."

Mkoba wangu haukosi pamba za kuchukulia sampuli. Ni ugonjwa wa kazi, kama fundi cherehani anavyotembea na pini mdomoni. Nikampitishia mtoto mbili tumboni, moja ya akiba. Winfrida, kwa utani, akaninyooshea kiganja: "Na mimi, daktari." Nikamchukua na yeye. Mama alikataa. Alisema yeye si mgonjwa.

*

Kwa wasionijua, mimi si daktari. Mimi ni mkemia wa usalama katika kiwanda kinachotengeneza Kivuli, kule nje ya mji, chini ya minara ya upepo. Kazi yangu ni kupima kila mkupuo unaotoka kwenye mapipa, kisha kuweka dole gumba langu kwenye kioo cha mtambo. Bila dole langu geti halifunguki na hakuna kopo linalotoka. Kazi yenyewe ni rahisi, na hadi wiki ile nilikuwa nalala usingizi mzuri.

Kivuli ni mafuta ya alizeti, maji, unga wa madini unaorudisha jua lilikotoka, na chembe kidogo ya dumini. Dumini ni kihifadhi. Watu hawapendi kusikia habari za vihifadhi, wanapenda kusikia habari za alizeti, lakini losheni yoyote yenye maji ndani ni chakula, na kwenye joto tulilo nalo chakula hakifiki siku ya pili. Vihifadhi vya zamani vilivunjika vyote kwa joto hilo. Watu walikuwa wanajipaka vijidudu usoni bila kujua, losheni nyeupe na nzuri kabisa kwa macho, na kuna kiangazi ambacho wodi ya macho ilijaa hadi wagonjwa wakalazwa kwenye korido. Kisha ikaja dumini. Dumini haivunjiki. Inashikamana na ngozi ya juu, inaingia katikati ya matabaka yake, na haitoki mpaka ngozi hiyo ichakae na kupukutika yenyewe, kama mwezi hivi. Sabuni haiiwezi. Ilipimwa na watu wenye akili zao: waliojitolea walipakwa mkononi, wakaangaliwa, wakatolewa damu. Hakuna aliyewashwa. Haikuonekana kwenye damu. Nimepitia vipimo hivyo vyote na sijaona udanganyifu wowote.

Nilizitandaza zile pamba kwenye sahani za kuoteshea vijidudu, nikaziweka kwenye kabati la joto. Nilipozitoa, sahani ya Winfrida ilikuwa imejaa vidoto vyeupe na vya manjano, vijidudu vya kawaida vinavyoishi na binadamu yeyote na kumlinda. Sahani ya mtoto ilikuwa kama imetoka kwenye pakiti. Nikadhani nimekosea. Nikarudia na pamba ya akiba. Hakuna.

Nikapitisha pamba zilezile kwenye mashine ya kemikali. Kwa Winfrida, aliyekaa ndani karibu mwezi mzima, hapakuwa na dumini hata chembe. Kwa mtoto, ambaye kopo halijawahi kuvuka kizingiti chake, ilikuwepo nyingi kuliko usoni kwangu.

Nilikaa kwenye kiti. Nikatazama viganja vyangu kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mwenye kazi nyingi. Halafu nikapasha mafuta ya alizeti kidogo, nikachovya mikono kama nilivyomwona mama akichovya, nikakanda kipande cha ngozi bandia tunachotumia kwa majaribio. Nikakipima.

Sabuni haiiwezi dumini, lakini mafuta ya uvuguvugu yanaibeba. Yanaitoa kidogo kidogo kwenye kiganja cha anayekanda, yanaiweka kwa anayekandwa. Asubuhi bibi, mchana shangazi, jioni bibi tena, kila mmoja na mikono iliyopakwa Kivuli toka king'ora kilipolia. Wale waliopima dumini walihesabu mtu mmoja na ngozi yake. Walikuwa watu wa hapahapa, waliolelewa kwenye mapaja hayohayo, wakaandika kwenye kopo "si kwa mtoto" na wakaridhika. Hakuna aliyekumbuka kwamba mtoto wetu, kwa wiki zake za kwanza, ngozi yake ni mikono ya watu.

Kitovu nacho hakidondoki bure. Kinadondoka kwa sababu kuna viumbe wadogo wanaokuja kukila, na mwili ukiona wamekuja unatuma askari wake kukata. Kwa mtoto wa Winfrida hakuna aliyekuja. Kidonda kimebaki wazi, ngozi iko tupu, na ngozi tupu ni kiwanja kisicho na mwenyewe. Wa kwanza kufika ndiye anayejenga.

Nikampigia Leokadia, muuguzi wa kliniki na wodi ya watoto hospitali ya mkoa, tuliyesoma naye.

"Vitovu?" alisema. "Siku hizi vinachelewa, shoga. Tumeshazoea. Tunawaambia kina mama wasihangaike."

"Na homa je?"

"Homa zipo. Tangu Pasaka tumelaza watatu. Mmoja tulimpoteza." Sauti yake ikashuka. "Alikuwa msafi, Pepe. Mtoto msafi kabisa, hata usingeamini kama anaumwa. Kwa nini unauliza?"

Nilimwambia nitampigia baadaye. Mama sikumpigia kabisa; sikujua nitamwambiaje kwamba ni mikono yake.

*

Bosi wangu anaitwa Elisante Kidanka, na ningefurahi sana kama angekuwa mtu mbaya. Ingenirahisishia. Alinisikiliza hadi mwisho, akaomba kuziona sahani, akaishika ya mtoto juu mbele ya taa na kuigeuza.

"Huyu ni wa kwenu?"

"Wa mdogo wangu."

"Pole, Perpetua." Akaketi. "Una uhakika?"

"Nimerudia. Na kuna aliyekufa, bosi. Siwezi kuthibitisha kwamba ni sababu hii, lakini nikiambiwa nibashiri, nabashiri ndiyo."

"Unataka nini?"

"Sitaki kuweka dole kwenye mkupuo wa kesho."

Alitikisa kichwa taratibu. Nje ya dirisha lake kulikuwa na malori yakisubiri kupakia, na nyuma ya malori mashamba ya alizeti, yote yameinamisha vichwa kwa joto. Mvua zilikuwa mbali.

"Tufanye hivi," alisema. "Tutoe onyo. Mtoto asishikwe kwa mikono mitupu mpaka afikishe miezi mitatu. Tutagawa glavu kwenye kliniki zote, bure."

"Glavu."

"Glavu, ndiyo."

"Ukamwambie mama yangu amkande mjukuu wake na glavu?"

"Nimwambie nini, sasa? Nimwambie mwalimu, mkulima, fundi ujenzi, wakae bila Kivuli hadi masika? Unaikumbuka wodi ya macho? Unazikumbuka zile ngozi?" Hakupaza sauti. "Kihifadhi kingine hatuna. Nimetafuta. Wapo wanaojaribu kimoja kule Morogoro, pengine mwakani."

"Basi tutoe kidogo. Kwa wanaohitaji zaidi tu, kwa utaratibu wa hospitali. Watu wenye ualbino, waliounguzwa..."

"Mamlaka ya Ngozi, wanaotupa leseni, hawana kidogo. Ukiwaandikia kwamba dumini inadhuru watoto, wanafunga mitambo na wanakusanya kila kopo, nyumba kwa nyumba, hadi uchunguzi uishe. Hawataacha hata moja." Akanitazama, na nikajua kinachofuata, na nikamchukia kabla hajakitamka. "Fabiani anaendeleaje?"

"Mzima."

"Ile pua imepona?"

"Imepona."

"Kaongee naye," alisema. "Usinijibu leo. Lori la kwanza linatoka kesho saa nne."

*

Mume wangu Fabiani ana ualbino. Anapima barabara, kazi ya juani, na kila mtu alimwambia asiisomee, kwa hiyo akaisomea. Mwaka juzi walimkata kipande puani, kidonda kidogo kisichopona, na daktari akasema kimewahiwa. Tangu hapo anajipaka Kivuli mara nne kwa siku, na mimi huwa namkagua nyuma ya masikio kama anavyokaguliwa mtoto wa shule.

Nilimkuta jikoni anakatakata mlenda. Nilikuwa nimepanga namna ya kuanza, nikaisahau yote, nikamwaga. Alinisikiliza huku kisu kimesimama. Nilipofika kwenye habari ya kukusanya makopo, akakiweka chini.

"Ngoja nielewe," alisema. "Ni kitovu cha mtoto, au pua yangu."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Nipe wewe namna nzuri, wewe ndiye msomi." Alicheka, kicheko kibaya. "Kiangazi kizima, Pepe. Unajua ni saa ngapi nitaweza kutoka nje? Alfajiri na magharibi, kama popo. Mkataba wa barabara ya Ilongero nitampa nani?"

"Sijaamua."

"Unaweza kuficha makopo? Mawili matatu. Chini ya kitanda. Nani atakuja kupekua kwa mkemia wa usalama?"

Nilikuwa nimeshalifikiria hilo njiani, nikaona aibu, nikalifikiria tena. "Naweza," nilisema.

"Halafu mtoto wa Winfrida nitambeba lini?"

Fabiani ndiye aliyemchukua yule mtoto hospitali, akambeba ndani ya shati lake hadi nyumbani kwa mama kwa sababu aliogopa upepo. Anakwenda kumwona kila Jumapili. Nilimwona jinsi wazo linavyomfikia: kwamba na yeye ni mmoja wa wale walioshika.

Akageuka, akafungua bomba, akanawa mikono kwa sabuni ya kuoshea vyombo.

"Haitoki," nilimwambia.

"Najua haitoki. Umeshasema." Akaendelea kunawa. "Unataka nikwambie nini? Unataka nikwambie kataa, funga kiwanda, mimi nitavumilia? Mume wa kwenye redio ndivyo angesema."

"Nataka kujua unafikiri nini."

"Basi usiniulize." Alifunga bomba. Macho yake hutikisika kidogo siku zote, ndivyo alivyozaliwa, lakini safari hii aliyakaza yakatulia karibu kabisa. "Ukiniuliza nitakwambia nataka kuishi. Nitakwambia weka dole. Nitasema ukweli wangu, nawe utaniona hivi kwa maisha yote. Kwa hiyo usiniulize, Pepe. Amua bila mimi."

Mlenda tuliula baridi.

*

Simu ya Winfrida iliingia asubuhi, nimeshavaa, nimeshika funguo. Alikuwa halii. Alikuwa anaongea taratibu sana, na hilo likanitisha zaidi.

"Dada, mtoto amekuwa wa moto. Ameacha kunyonya. Tuko njiani."

Fabiani alikuwa ameshasimama. Tulifika hospitali ya mkoa pamoja, yeye amevaa mikono mirefu, kofia, miwani, na tabaka nene la Kivuli, kwa sababu alikuwa bado nalo. Wodi ya watoto ilikuwa na baridi ya mashine. Winfrida alikuwa kwenye kiti, bado na kilemba cha uzazi, na mtoto yuko ndani ya kijumba cha kioo, amefungwa mpira wa dawa mguuni. Tumbo limevimba. Kitovu kilekile, na safari hii kimezungukwa na wekundu mpana. Ngozi tupu imempata mgeni wake wa kwanza.

Leokadia alinivuta pembeni. Dawa imeanza, alisema, wanahisi kijidudu ni kilekile kigumu cha wale watatu, lakini wamekiwahi. Wanangoja. Hakunitazama usoni.

"Ni ile uliyoniuliza?"

"Ndiyo."

"Wote?"

"Nadhani wote."

Alishika ukingo wa meza ya dawa. Wauguzi ndio wanaojipaka kuliko watu wote, kwa sababu ya zamu za asubuhi. Alitazama viganja vyake, kisha akatazama safu ya vijumba vya vioo.

"Mtoto asiguswe na mtu yeyote bila glavu," nilimwambia. "Wala wewe, wala mimi. Isipokuwa mama yake. Ngozi ya Winfrida ni hai, nimeipima. Mtakapoweza kumtoa humo, mumlaze kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, alale hapo usiku na mchana. Ndiyo dawa nyingine aliyobaki nayo."

Ndipo nikamkumbuka mama. Hakuwemo wodini.

Nilimkuta nje ya mlango, amesimama wima karibu na ukuta, mikono yake ameizungushia kitenge hadi kwenye viwiko. Nilidhani anasikia baridi.

"Winfrida ameniambia ulivyomwambia kwenye simu njiani," alisema. "Kwamba ni Kivuli. Nikamwambia haiwezekani, kopo haliingii. Halafu nikafikiri." Alinitazama. Mama ana miaka mingi na sijawahi kumwona ana hofu nami. "Ni mimi, au siyo mimi?"

Niliwahi kufikiri ninajua namna ya kumpa mtu majibu ya maabara.

"Ni dawa, mama. Si wewe."

"Sijakuuliza dawa. Imepitia wapi?"

"Mikononi."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyeelekezwa njia. Akafungua kitenge. Alikuwa amejisugua kwenye saruji ya bomba la nje ya wodi hadi viganja vimechubuka na kutoa majimaji.

"Nilikuwa namkanda sana," alisema. "Alikuwa anapenda. Nilikuwa nazidisha kwa sababu kitovu hakidondoki, nikasema labda damu haitembei."

Nilitaka kumkumbatia. Aliirudisha mikono yake ndani ya kitenge kabla sijafika.

Simu yangu ikatikisika. Kidanka. Nilirudi wodini ili nisiongelee mbele ya mama, nikasimama karibu na Fabiani, ambaye alikuwa ameketi mbali na kijumba, karibu na mlango, kama mgeni asiyejua kama ataruhusiwa.

"Perpetua," Kidanka alisema. "Lori liko getini. Kuna foleni hadi barabarani, watu wamesikia mkupuo umechelewa. Unaweza kuweka dole kwa simu, mtambo unakusubiri. Au nimwite msaidizi wa mkoa, mwenye dole la dharura, lakini nataka iwe wewe."

Kwenye kioo cha simu kulikuwa na duara la kijani, na chini yake duara jekundu. Nilijua kwamba duara jekundu likibonyezwa taarifa inakwenda yenyewe kwa Mamlaka ya Ngozi, pamoja na sababu. Sababu nilikuwa nimeshaiandika jana. Nilikuwa nimeiandika mara mbili na kuifuta mara moja.

"Bosi, hapa nilipo kuna vijumba vinane vya vioo," nilisema. "Vyote vina watoto, na hakuna bibi hata mmoja anayeruhusiwa kuingia. Nenda ukawaambie watu wa foleni."

"Niwaambie nini?"

"Waambie ukweli, wataamua wenyewe wanichukie vipi."

Nikabonyeza jekundu. Mtambo ukauliza kama nina uhakika, maana umetengenezwa na watu waoga kama mimi. Nikabonyeza tena. Kidanka alivuta pumzi upande wa pili, akasema "Haya," akakata.

Niliogopa. Nasema wazi, sikujisikia shujaa hata kidogo, nilijisikia mtu aliyefunga mlango na funguo zimebaki ndani. Nilifikiria mwalimu wa shule ya msingi Mandewa na watoto wake uwanjani. Nilifikiria mafundi. Kisha sikuweza tena kuwafikiria hao, kwa sababu Fabiani alikuwa ananitazama.

Alikuwa amesikia yote. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Umefanya sawa," alisema.

"Fabi..."

"Nimesema umefanya sawa, na sitasema vingine kwa mtu yeyote. Mtu akikutukana mbele yangu nitagombana naye." Nikanyoosha mkono kumshika bega, kama ninavyofanya siku zote, na yeye akaukwepa, kwa upole, kama unavyokwepa kitu cha moto ambacho si kosa lake kuwa cha moto.

"Lakini leo usinishike," alisema. "Nipe leo tu."

Nikavuta kiti kingine nikakaa kando yake, mikono nimeikunjia kifuani. Ndani ya kioo mtoto alianza kulia, sauti nyembamba, yenye hasira. Winfrida aliinuka kitini na kuanza kufungua vifungo vya gauni lake, na sisi wote wengine tukabaki pale tulipokuwa.